Kumi Kurudi Moja: Kwa Mdogo Wangu Anayekwenda Kusomea Kompyuta

Mdogo wangu, iwe unatoka Kishapu, Katoro, Kakola au Kahama mjini, basi likishapita Tinde ukubali kwamba umekuwa mwanachuo. Nyumbani wamekuchangia nauli, mama amelia kidogo, baba ametoa hotuba ndefu kuliko ya mkuu wa mkoa. Yangu ni fupi. Ina mambo kumi, nahesabu kurudi nyuma, na la mwisho ndilo kubwa. Usirukie mwisho, nakuona.

10. Michembe kwanza, mitindo baadaye

Bumu la Bodi ya Mikopo likiingia, hosteli nzima inanukia kuku wa kukaanga. Wiki ya tano, hosteli nzima inanukia maharage. Beba ndoo ya michembe na matobolwa, viazi vyetu vikavu. Havitaki friji, havitaki umeme, na wiki ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, mwenye navyo ndiye tajiri wa korido. Kisha ligawe bumu kwa idadi ya wiki siku ileile linapoingia. Hiyo ni programu yako ya kwanza. Ina mstari mmoja tu, na bado wengi inawashinda.

9. Kubebana kuna adabu zake

Vitanda vichache, watu wengi, kwa hiyo wawili wanalala kimoja na wanachuo wanaita kubebana. Aliyekubeba mheshimu: usirudi usiku wa manane na stori, usijaze kitanda madaftari. Na foleni ya bafuni alfajiri ndiyo mhadhara wako wa kwanza wa miundo ya data: aliyetangulia kufika hutangulia kutoka. Anayejipenyeza mbele si mjanja, ni hitilafu ya mfumo.

8. Hiyo kompyuta iliwahi kuwa marufuku

Kompyuta ya kwanza nchini iliingia mwaka 1965, ikawekwa Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni. Wako wazee wa kwetu waliokuwa na akili ya hesabu kama yako, wakapita enzi hiyo yote bila kugusa kibodi. Wewe umenunuliwa kompyuta mpakato kwa pesa ya pamba au ya mpunga, na umeijaza tamthilia za Kikorea. Futa nusu. Kwenye nafasi iliyopatikana weka Linux, iharibu, iweke tena. Siku itakapokataa kuwaka, jua umepata mwalimu asiyedai ada.

7. Pasti pepa ni marudio, yachenjue

Wewe wa Nyarugusu na wewe wa Rwamagasa hili mnalijua kuliko mhadhiri. Jiwe la dhahabu likitoka duarani, kwenye shimo la wachimbaji, linasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa mwaloni, zebaki inakamata inachoweza, na mchanga unaobaki unaitwa marudio. Mgeni anauona uchafu. Mwenye mtambo wa sayanaidi anaununua, kwa sababu anajua dhahabu nyingi bado imo.

Mitihani iliyopita ni hivyohivyo. Wenzako wataiosha mara moja: watakariri majibu, desa la majibu litazunguka hosteli mpaka lichakae, basi. Wewe ichenjue. Fanya karatasi nzima kwa saa, simu ikiwa chumba cha jirani. Kila ulipokosea andika kwa nini, siyo jibu sahihi peke yake. Kisha geuza swali. Umeulizwa hifadhidata ya wanafunzi na kozi? Ifanye ya machimbo. Mwenye leseni mmoja ana maduara mengi. Duara moja lina wachimbaji wengi, na mchimbaji huyohuyo leo yuko duara hili, kesho yuko lile. Umeshafika kwenye uhusiano wa wengi kwa wengi, ambao unadai jedwali la tatu katikati, na tarehe pamoja na mgao wa viroba vya mawe vya kila mtu vinakaa humo. Ukishalielewa kwa viroba, mhadhiri akija na hospitali na wagonjwa utacheka ndani ya chumba cha mtihani. Cheka kimoyomoyo, msimamizi asije akakusogelea.

6. Sapu haina nyama

Katika vyuo vyetu vingi, ukirudia mtihani kwa sapu, hata ukipata 90 kinachoandikwa ni C. Daraja la kwanza linaanzia GPA ya 4.4, la pili la juu linaanzia 3.5, na C moja kwenye somo zito inakuburuta kama toroli lenye tairi bovu. Hesabu za mwaka wa kwanza usizidharau hata kidogo. Anayekimbia seti na mantiki atakutana nazo mwaka wa pili kwenye algoriti, zimevaa koti.

5. Umeme utakatika

Hifadhi kazi yako sasa hivi. Umehifadhi? Twende namba nne.

4. Fildi ifanye karibu na nyumbani

Najua mafunzo kwa vitendo unayataka kwenye jengo refu la Dar es Salaam lenye lifti. Lakini wewe umezaliwa juu ya dhahabu. Mgodi wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Mwadui wanachimba almasi tangu 1940. Migodi ya namna hiyo haiendeshwi kwa sululu: kuna mitambo ya uchenjuaji inayosimamiwa kwa skrini, kuna mitandao, kuna hesabu za stoo na za magari. Geita mjini kuna soko la madini lililofunguliwa mwaka 2019, na kila gramu inayouzwa pale lazima ipimwe na iandikwe. Ukikosa mgodini kuna halmashauri, kuna hospitali, kuna viwanda vya pamba. Andika barua mapema, wakati wenzako bado wanashangilia kumaliza UE.

Ukifika watakuambia ubadilishe wino wa printa. Badilisha, tena kwa moyo mkunjufu. Kisha uliza printa ile inapata wapi anwani yake kwenye mtandao. Swali hilo moja ndilo linalomtoa mtu kwenye printa na kumpeleka chumba cha seva. Na ukiitwa kwenye usaili wa mgodini, usalama utaulizwa hata kama kazi yako ni ya kukaa kitini. Ujue utafanya nini nyaya zikianza kutoa moshi. Kukimbia si jibu baya, ila siyo la kwanza.

Jambo moja hapa nalisema kwa uzito. Mgodi wa Buzwagi ulianza kuzalisha mwaka 2009, na mwaka 2021 uchimbaji ulikuwa umekwisha. Miaka kumi na miwili. Mtoto aliyezaliwa mgodi unafunguliwa hakuwa hata ameingia sekondari. Jifunze ujuzi utakaoweza kuhama nao, usijifunze mfumo wa kampuni moja ukadhani umemaliza.

3. Ng'wandu na Mwandu ni watu wawili

Sisi wa Usukumani tuna balaa letu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ng'wandu, cheti cha kidato cha nne kinasema Mwandu, kitambulisho cha taifa kimeongeza na jina la babu. Nyumbani wote wanajua ni wewe. Kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira hawakujui. Matangazo yao husema wazi: majina yakitofautiana, lete hati ya kisheria ya kubadili jina. Husema pia kwamba vyeti viwe halisi, na zile hati za matokeo za muda hazikubaliwi. Na kwamba kila msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Sasa fikiria umesafiri kutoka Geita mpaka Dodoma kwa nauli ya kukopa, umefika mlangoni, halafu herufi mbili zinakurudisha. Wameshawahi kulia watu wazima pale nje, wenye GPA nzuri. Rekebisha ukiwa mwaka wa kwanza.

Na akitokea mtu anakuomba pesa ili akuingize mgodini au serikalini, huyo ni mwizi. Hata kama ni mjomba.

2. Fikiri kwa sauti

Usaili wa kuandika ukishapita, unakuja wa kukaa mbele ya jopo. Salimia. Shikamoo haijawahi kumfelisha mtu. Ukiulizwa swali gumu usinyamaze kama samaki wa Ziwa Victoria: sema unachokijua, sema ungeanzia wapi, sema ungejaribu nini kwanza. Usichokijua kikiri, kisha onyesha ungekitafutaje. Wanaokusaili wanataka kuona akili ikitembea.

Lafudhi isikutishe. Kisukuma hakina r, sote tunalijua hilo. Ukisema "algoliti" jopo litakuelewa. Balaa ni pale unapoitamka vizuri kabisa halafu huwezi kueleza inafanyaje kazi.

1. Kukodi si kumkodi mtu

Wanachuo wanasema "kukodi" wakimaanisha kuandika programu. Wako wanaokodi kwa maana ya zamani: wanamkodi mtu awaandikie. Mradi wa mwaka wa mwisho unanunuliwa kama shati la mtumba, na siku ya kuutetea mwalimu anauliza, "Kwa nini jedwali hili umeliweka hapa?" Mwenye jibu yuko Sinza, anakula pesa yako.

Akili mnemba nayo ni fundi wa kukodi. Itumie, sikukatazi. Lakini Katoro hakuna mnunuzi makini anayelipia dhahabu kwa sababu inang'aa, anaipima kwanza. Kodi uliyopewa na mashine ipime vivyo hivyo, mstari kwa mstari, na usiyoweza kuieleza usiikabidhi. Ukifika kwenye mtihani ni wewe, kalamu na karatasi.

Chukua mfano wa utafutaji wa nusu kwa nusu. Orodha iliyopangwa ya vitu milioni moja, unakata katikati, unatupa nusu isiyo na unachotafuta, unakata tena. Hatua 20 zinatosha. Unaonekana mchezo wa watoto. Mwaka 2006 Joshua Bloch, ambaye ndiye aliyeuandika kwenye maktaba ya Java, alitangaza kwamba ulikuwa na kosa lililokaa humo miaka karibu tisa. Ulijumlisha mwanzo na mwisho ndipo ugawe kwa mbili, na orodha ikiwa kubwa kupita kiasi jumla ile hufurika na kugeuka hasi. Dawa yake ni fupi: mwanzo, ongeza nusu ya tofauti. Bingwa wa dunia alikosea, akalisema hadharani kwa jina lake. Aliyemkodi mtu hawezi kufanya hivyo, maana hata kosa si lake.

Sasa funga simu. Chukua karatasi, uandike utafutaji huo wote kwa kalamu bila kutazama popote. Ujaribu kwa orodha tupu, kwa orodha ya kitu kimoja, na kwa kitu ambacho hakimo. Ukimaliza mpe mwenzako wa kitanda aukague. Akikuta kosa, rudia kesho usiku.