Mheshimiwa Waziri, Tunaomba Kiti Kimoja Kikaoni

Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora,



Kwa heshima na taadhima, naomba kwanza radhi kwa kukufikia hadharani, mbele ya wasomaji, badala ya kubisha hodi ofisini kwako. Nafahamu uzito wa dhamana uliyokabidhiwa. Mezani kwako yamo madaraja, mishahara na uhamisho wa watumishi wa nchi nzima, na nyuma ya kila jalada kuna mtu na watoto wake. Nisingethubutu kukuongezea karatasi kama nisingeamini kwamba ninachokuomba ni kidogo, kimo ndani ya uwezo wako, na hakidai fungu jipya la bajeti.

Mimi ni mwalimu wa chuo kikuu, nafundisha uhusiano wa umma. Wazazi hunifuata siku ya mahafali, wakiwa bado na furaha ya vigelegele, na kuniuliza kwa adabu: "Mwalimu, huyu sasa atakuwa nani?" Anayehitimu udaktari haulizwi hivyo, wala anayehitimu uhandisi. Kwa ruhusa yako, Mheshimiwa, naomba nijibu swali lao mbele yako, kwa sababu sehemu ya jibu unayo wewe.

Somo la uhusiano wa umma liliingia darasani mwaka 1923, Edward Bernays alipolifundisha New York University. Kwetu leo linasomwa kwa shahada pale Mikocheni, katika Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na linasomwa Mwanza katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, bila kuvisahau vyuo vingine. Kijana husoma utafiti wa maoni ya watu na takwimu zake, uandishi wa hotuba na wa taarifa kwa umma, sheria za habari, maadili, upangaji wa kampeni, na namna ya kusema na wananchi wakati wa janga. Wengi hudhani tunawafundisha maneno matamu. La hasha. Mtu wa kwanza ninayewatajia ni Ivy Lee, mwandishi wa habari wa Marekani aliyehamia kazi hii. Mwaka 1906 aliwapelekea wahariri tamko kwamba ofisi yake itafanya kazi waziwazi, na kwamba habari zake zitakuwa sahihi na mhariri yeyote atasaidiwa kuzihakiki. Vijana huliandika hilo daftarini na kuliamini. Nami naliamini.

Wakihitimu, njia ziko nyingi. Mabenki yanawachukua, makampuni ya simu, wakala za matangazo, hospitali, mashirika yasiyo ya kiserikali, hata vilabu vya mpira. Anayejua kushika kamera na kuendesha kurasa za mitandao ya kijamii hupata kazi mapema kuliko mwenzake mwenye maksi nzuri tu. Lakini walio wengi macho yao yako serikalini. Wanasubiri tangazo la Sekretarieti ya Ajira lenye nafasi ya Afisa Uhusiano Daraja la II au Afisa Habari Daraja la II, wanafanya usaili wa kuandika, wanaitwa wa mahojiano, na anayepita hupelekwa wizarani, kwenye mamlaka ya maji au kwenye halmashauri ya mbali, naye hufunga safari kwa moyo mkunjufu.

Hapo ndipo, Mheshimiwa, naomba unisikilize kwa uvumilivu wa mzazi.

Nikienda kuwakagua wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo, au fildi kama wenyewe wanavyoita, nawakuta wakipanga viti ukumbini, wakihesabu fulana na kofia za maadhimisho, wakimkimbilia mgeni rasmi na kamera. Kazi hizo nazo ni kazi, na sizidharau. Kinachoniumiza ni kwamba afisa aliyeajiriwa, mwenye shahada na uzoefu wa miaka, mara nyingi namkuta akifanya hizo hizo tu. Menejimenti inakutana, inaamua, inafunga kikao. Kisha yeye anapigiwa simu: "Andaa tangazo."

Katika mamlaka moja ya maji ambayo staha inanizuia kuitaja, wakubwa waliamua kuzima pampu kwa matengenezo. Uamuzi ulikuwa sahihi kabisa kitaalamu. Afisa uhusiano aliupata jioni, kwa ujumbe mfupi wa simu usiotaja mitaa wala muda. Akauliza: ni mitaa ipi, maji yatarudi lini, hospitali na shule zitapata wapi ya akiba? Mhandisi mwenye majibu alikuwa ameshaingia kwenye shughuli na simu yake haipatikani. Asubuhi foleni za ndoo zilikuwa barabarani, bei ya dumu la maji imepanda, na tangazo lililotoka lilisema tu kwamba mamlaka inaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza. Maswali yale matatu yangeulizwa ndani ya kikao, yangejibiwa papo hapo. Kumleta msemaji baada ya uamuzi ni kumwita mpishi wakati chakula kimeshaungua na kumwambia akipambe.

Naomba nisieleweke kwamba sheria zetu ni mbovu. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma imjibu mwombaji ndani ya siku 30. Vitengo vya Mawasiliano Serikalini vipo, kuanzia wizarani hadi halmashauri. Waliovipanga walifikiri vizuri na wanastahili shukrani zetu. Kilichobaki ni mazoea ya chumba cha kikao.

Na mazoea hayo yakibadilika, matunda yake yanajulikana. Mwaka 1982 watu saba walikufa eneo la Chicago baada ya kumeza vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sumu na mtu asiyejulikana. Mkuu wa Johnson & Johnson, James Burke, aliunda kamati ndogo ya kuongoza shughuli nzima, na Lawrence Foster, mkuu wa uhusiano wa umma, alikuwa mjumbe wake tangu mwanzo. Kampuni ikawatangazia watu waache kutumia dawa yake yenyewe, ikaondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31, kwa hasara ya zaidi ya dola milioni 100. Ndani ya muda mfupi wanunuzi walirudi. Wanafunzi wangu wanapenda kusimulia ujasiri wa Burke. Mimi huwaomba waangalie nani alikuwa ameketi naye.

Hatuna haja ya kwenda mbali pia. Januari 2025 zilipoenea habari za homa ya Marburg mkoani Kagera, kauli ya kwanza ya serikali ilikuwa kwamba vipimo havijaonyesha ugonjwa huo. Tarehe 20 mwezi huo Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, aliwaambia wananchi mwenyewe kwamba umethibitika. Nilikuwa nimejiandaa kufundisha mada nyingine wiki ile. Niliiweka kando, tukajadili kauli ile darasani, kwa sababu kiongozi wa nchi kusema jambo zito waziwazi, baada ya kauli tofauti, ni somo zima la taaluma yetu.

Wapo wakurugenzi watakaokuambia, Mheshimiwa, kwamba afisa uhusiano akiketi kikaoni siri za ofisi zitavuja. Afisa uhusiano ni mtumishi wa umma anayebanwa na wajibu wa kutunza siri sawa na mhasibu na mwanasheria wanaoketi pale. Wengine watahofia kwamba kazi hii ni ya kupaka rangi maovu. Hofu hiyo naiheshimu, maana imewahi kutokea: kampuni ya Bell Pottinger ya London ilifukuzwa kwenye chama cha taaluma cha Uingereza mwaka 2017, kwa kampeni iliyochochea chuki za rangi Afrika Kusini kwa manufaa ya mteja wake, na mwezi huo huo ikaanguka. Nawafundisha kisa hicho bila kuficha. Ila mtu anayekuja kupaka rangi hahitaji kujua ukweli wa kikaoni. Anayetakiwa kuusema ndiye anayeuhitaji.

Kwa unyenyekevu wote, basi, nakuomba utoe waraka. Useme kwamba mkuu wa kitengo cha mawasiliano ni mjumbe wa kudumu wa menejimenti katika kila taasisi ya umma, na ajenda azipate pamoja na wenzake. Useme pia kwamba wakati wa dharura, iwe ajali, mlipuko wa ugonjwa au kukatika kwa huduma, anaweza kuwaeleza wananchi yale yaliyothibitishwa bila kungoja saini ya mkubwa aliye safarini. Na kama nafasi itaruhusu, uongeze sentensi moja kwamba mwanafunzi wa fildi afundishwe kuandika taarifa kwa umma kabla ya kutumwa fulana.

Waraka huo ukitoka kabla ya mwaka mpya wa fedha, wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wataingia kazini ukiwa umewatangulia, nami nitakuwa na la kuwajibu wazazi wao.

Naomba kuwasilisha, Mheshimiwa.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa uhusiano wa umma, Dar es Salaam