Jinsi ya Kununua kwa Dharura Ulichokijua Tangu Julai

Kwanza kabisa, usikipange. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na halmashauri inatakiwa kuwa na mpango wa ununuzi wa mwaka mzima. Baraza la Madiwani hukaa kila robo mwaka. Hata mlinzi wa getini anajua makabrasha ya kikao yatachapwa. Wewe usijue. Ofisa ununuzi akikuomba mahitaji ya idara yako, mjibu, "Nitakuletea, ndugu yangu," kisha usafiri.

Zikibaki siku mbili kabla ya kikao, andika dokezo kwa Mkurugenzi. Neno "haraka" limechuja. Andika "kikao kitakwama". Mkurugenzi ndiye afisa masuuli, na hana hamu ya kuwaeleza madiwani kwa nini wamekaa mikono mitupu. Atasaini akiwa amesimama.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inatambua dharura, na ni haki: kalvati likisombwa na maji, wagonjwa wa ng'ambo ya pili hawawezi kungoja zabuni itangazwe. Kazi yako ni kuipandisha rimu ya karatasi hadi hadhi ya kalvati.

Profoma tatu zisikuhangaishe. Mwenye duka uliyemzoea atakupa zote, zenye majina ya maduka matatu na mihuri mitatu. Mkumbushe tu kwamba makosa ya tahajia yasifanane, maana wakaguzi wana macho. Bei usiiguse. Anajua huna muda wa kuulizia kwingine, na haraka yako ameshaijumlisha humo. (Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini una mikataba ya vifaa hivi hivi, lakini huo ni msaada wa wenye subira.)

Jumla ikivuka kiwango, igawe: karatasi leo, wino kesho, bahasha keshokutwa. Sheria inakataza kugawa, kwa hiyo uite "awamu". Ukiulizwa kwa nini hukupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, sema mtandao ulisumbua. Nani atabisha?

Mzigo ukifika, upelekwe moja kwa moja kwenye mashine. Mtunza stoo ataingiza kwenye leja akipata nafasi.

Hoja ya mkaguzi ikija, mjibu: "Mahitaji hayakutarajiwa." Na kabla hujasaini majibu hayo, angalia kalenda: kikao kijacho ni baada ya miezi mitatu, na wino umeshaanza kufifia.