Bwana Msimamizi Yuko Wapi?

Hapa Ringwani, wilayani Serengeti, habari za vibali hatufundishwi. Ukitaka kusafirisha ng'ombe, sharti kibali. Ukitaka kitambulisho, barua ya mtendaji. Lakini mtendaji ana ofisi, ana meza, ana mhuri, na asipokuwepo jirani atakwambia ameenda kikaoni Mugumu, urudi Alhamisi. Utanung'unika njia nzima, ila unajua unamnung'unikia nani.

Sasa nionyesheni ofisi ya huyu Msimamizi anayeishi ndani ya kompyuta yangu.

Laptopu nimenunua mtumba, duka moja huko Mwanza, taslimu, na risiti ninayo. Ilitokea Ujerumani, kwenye ofisi ya watu waliokwisha kuichoka. Naitumia kwenye kibanda changu cha steshenari: barua, fomu, fotokopi, wasifu wa vijana wanaotafuta ajira. Nilidhani nimenunua mashine. Kumbe nimenunua haki ya kuitazama. Kila nikigusa jambo la maana, kioo kinafifia na kidirisha kinachomoza katikati: weka nywila ya msimamizi ndipo uendelee. Naweka yangu. Inakataliwa. Yangu ni ya kuingilia tu. Ni sawa na kununua dume mnadani, ukalifikisha nyumbani, halafu likagoma kunywa maji mpaka mwenyewe wa zamani alipigie mluzi.

Wataalamu wana sababu zao, nami sizipingi. Akaunti ya kawaida haipewi nguvu ya kusakinisha programu, ili kirusi kikiingia kupitia akaunti hiyo kikwame mlangoni. Na flashi ninazoletewa pale dukani, nyingine nisingezishika bila glavu. Hata hivyo, Windows Vista ilipotoka mapema 2007 na vidirisha vyake vya kuomba ruhusa, watu walilalamika mpaka Apple wakatengeneza tangazo la televisheni la kuvicheka, na toleo la 2009 likapunguza maswali. Wale lakini wengi wao walikuwa wanaulizwa ndiyo au hapana! Mimi naulizwa siri ya Mjerumani.

Chukua suala la tarehe. Betri ndogo inayotunza saa ndani ya hii mashine imekufa, kwa hiyo umeme ukikatika nayo ikazimika, inaamka ikiamini tuko 2012. Ukifungua tovuti yoyote ya serikali, inakataa: cheti cha usalama cha tovuti, kwa hesabu za 2012, bado hakijaanza kutumika. Basi rekebisha tarehe, utasema. Thubutu. Majira ya eneo naruhusiwa kubadili. Naweza kuhamia Tokyo au Lima bila kumwomba mtu. Ila kuiambia kompyuta kwamba leo ni leo, mpaka Msimamizi aridhie.

Herufi nazo. Kibodi ya Kijerumani imepanga Z mahali petu pa Y, na Y mahali pa Z. Muuzaji alibadilisha kibodi yenyewe, mipangilio ya ndani akaiacha Ujerumani. Kwenye akaunti yangu nimeitengeneza, maana hilo halihitaji kibali. Kwenye ukurasa wa kuingilia haigusiki, ule ni wa Msimamizi. Matokeo yake nywila yangu, yenye Z, asubuhi naiandika kwa Y, na nikishaingia Z inarudi kuwa Z. Na kwa kuwa unachoandika pale ni vinukta vitupu, huoni ulipokosea. Kijana wangu wa dukani nimemweleza akaelewa, kisha akaniuliza kama mshahara wake nao unaandikwa Kijerumani. Hawa watoto.

Kilichonichosha kabisa ni printa. Ile ya zamani ilikufa, nikaleta nyingine, na kuitambulisha kwa kompyuta kunataka programu yake, na programu inataka mnajua nani. Wakati huo huo akaingia mzee mmoja ambaye shamba lake liko upande wa hifadhi. Tembo wamepita usiku, mahindi yameisha. Anataka barua ya kuombea kifuta jasho. Kanuni za mwaka 2011 zinapima malipo kwa eka na kwa umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, kwa hiyo kila kitu kiandikwe sawasawa, na mambo haya hayasubiri. Nikaandika barua nzuri. Kuichapa, kidirisha hicho.

"Mura, mbona imenyamaza?"

"Inataka ruhusa, tata."

"Ya nani?"

"Ya mwenyewe."

"Mwenyewe si wewe?"

"Mimi ndiye niliyelipa."

Mzee akaitazama mashine kwa muda. "Na wale tembo," akasema, "walimwomba nani?"

Barua nikaiandika upya kwa mkono.

Halafu nasoma kwamba haya yote yalianzia chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Fernando Corbató na wenzake walikuwa na kompyuta moja kubwa inayotumiwa na watu wengi, wakampa kila mmoja nywila ili kila mtu abaki kwenye mafaili yake. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, aliona saa alizopangiwa hazimtoshi. Akaiomba mashine imchapishie faili lenye nywila za watu wote. Ikachapa! Zote, kwenye karatasi. Mashine ya 1962 ilimchapia mtu siri za chuo, hii yangu inakataa kumchapia mzee habari za mahindi.

Nikaita fundi kutoka Nyamongo. Alikuja na pikipiki na flashi moja, akanywa soda, akapiga windo upya, Ujerumani yote ikafutika. Elfu ishirini. Printa ikatambulika, tarehe ikakaa sawa, Z ikawa Z. Nikamshukuru kwa moyo mkunjufu. Wakati anapanda pikipiki akaniambia kwamba, ili wateja wasije wakaniharibia mashine, akaunti ya msimamizi ameiweka yake yeye, na mimi amenifungulia ya kawaida.

Juzi umeme ulikatika, tukaamkia 2012. Nikampigia. Nywila atanitumia, anasema, nianze mimi kumtumia ya vocha.