Shokapu Ndefu na Washauri Wengi

Nyanyua gari lako hapa Kibaha uone. Kabla jua halijazama utakuwa na washauri ambao hukuwaita: muuza mahindi ya kuchoma wa Maili Moja, konda wa daladala ya Mlandizi, mwalimu mstaafu aliyekuja kuomba lifti tu. Kila mmoja atainama, atachungulia uvunguni, atatikisa kichwa, kisha atatoa hukumu ileile: "Hapa shokapu fupi. Weka ndefu." Mwulize ndefu kiasi gani. Atatanua mikono hewani, mmoja huku na mwingine kule, na kadiri anavyozidi kueleza ndivyo mikono inavyozidi kuachana.

Shemeji yangu anakaa Kisarawe. Alinunua mnadani Land Cruiser mkonga, ile HZJ75 ya pikapu, yenye springi za bapa mbele na nyuma. Kazi yake ni kutoa mihogo Maneromango na kuileta Kibaha kwa njia ya Mzenga na Mlandizi. Njia hiyo kiangazi ni vumbi na makorongo. Masika ikifika, udongo mweusi wa bonde la Ruvu unashika tairi na hauachii mpaka ujisikie wenyewe. Kwa hiyo fundi wa kwanza alipomshauri anyanyue gari, ushauri ulikuwa na maana. Springi zikaongezwa, gari likapanda inchi 2, yaani sentimita 5 hivi. Shokapu zikaachwa zilezile za zamani, kwa hoja kwamba bado nzima.

Nzima zilikuwa nzima kweli. Tatizo lilikuwa jingine. Wengi tunaamini kwamba shokapu ndiyo inayobeba gari, na ndiyo maana gari likilala tunailaumu. Haibebi kitu. Kinachobeba ni springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Ndani yake mna mafuta na pistoni yenye vitundu. Gari likitikisika, mafuta yanalazimishwa kupita humo kwa shida, na nguvu ya mtikisiko inaishia kuwa joto. Huamini? Gari likiingia kutoka Maneromango, shika shokapu kwa mkono mtupu. Utaamini mara moja na hutarudia.

Sasa chukua shokapu ya urefu uleule, uifunge kwenye gari lililopanda sentimita 5. Hata gari likiwa limeegeshwa, yenyewe imeshanyooka zaidi ya ilivyozoea, na akiba ya kushuka imebaki kidogo. Tairi ikidumbukia korongoni, springi inataka kushuka nayo, lakini shokapu imefika mwisho. Hapo uzito wa tairi na upande mzima wa ekseli unaning'inia kwenye bolti moja na raba zake mbili.

Bolti hiyo tulifahamiana nayo kabla ya kufika Mzenga. Mama mkwe alikuwa amekaa mbele, katikati yetu, amepakata jogoo wa kupeleka kwa dada yake. Tairi ya nyuma ikaingia kwenye korongo, tukasikia chini: ko! Kimya. Halafu: ko! ko!

"Baba," mama akaniambia kwa upole, "chini kuna mtu anabisha hodi. Mfungulieni."

Shemeji akashuka, akalala chali matopeni. Shokapu ya nyuma kulia ilikuwa imekatika: fimbo imechomoka yote, inang'aa kana kwamba imetoka dukani, mafuta yanachuruzika juu ya majani. Nyuma yetu, upande wa Soga, inapita reli ya SGR, ambako tangu Juni 2024 treni ya umeme inapeleka watu Morogoro kwa mwendo unaofika kilomita 160 kwa saa. Sisi tulimaliza safari kwa mwendo ambao jogoo angeshuka angetutangulia.

Ndipo shemeji akaapa. "Shemeji, safari hii nachukua ndefu kuliko zote zilizopo Dar es Salaam." Tukaenda Ilala, kwenye maduka ya spea. Muuzaji hakuuliza swali hata moja. Alitoa shokapu nne ambazo ukizisimamisha zilinifika juu ya goti, akazipangusa vumbi, akasema: "Bosi, hizi hata ulinyanyue gari liwe ghorofa, zinafika." Shemeji akatoa pesa akicheka.

Kufunga zilifungika vizuri, maana gari lilikuwa juu ya jeki na tairi zinaning'inia. Barabarani likiwa tupu, lilitulia. Maili Moja washauri walikuja kupongezana, kila mmoja akidai wazo lilikuwa lake. Kisha yakapakiwa magunia ya mihogo.

Hapa ndipo penye siri ambayo hakuna mshauri aliyeitaja. Shokapu ina urefu wa aina mbili: ikifunguka yote, na ikifungika yote. Fimbo ikiingia lazima ipate mahali pa kukaa ndani ya bomba lake. Kwa hiyo anayetaka ifunguke zaidi anapewa bomba refu zaidi, na bomba refu halikubali kufinyika kama fupi. Huwezi kununua urefu wa juu ukaukataa wa chini. Gari likishuka na mzigo, kinachopaswa kuzuia ekseli isigonge chasisi ni ile raba nene ya kugongea. Shokapu ikiwa ndefu mno, inafika mwisho kabla ya raba, na kuanzia hapo mzigo wote unagonga chuma kwa chuma.

Tulirudi na magunia yetu, tukashuka kwenye mkondo mmoja mkavu. Safari hii hapakusikika ko. Ulisikika mlio wa chuma kinachoraruka, na kishikio cha juu cha shokapu kikang'oka kwenye chasisi pamoja na kipande cha chasisi yenyewe.

"Leo habishi tena," mama mkwe akasema. "Leo ameshaingia."

Gari lilivutwa hadi Picha ya Ndege, kwa fundi mmoja Mnyamwezi mwenye maneno machache, isipokuwa akimwona Mzaramo. Alipomwona mama anateremka kwa kukanyagia kigoda chake, ambacho tangu gari linyanyuliwe hasafiri bila hicho, utani ukamtoka. "Bibi, mnazi mnapanda, gari linawashinda?"

"Mnazi haung'oki ukiwa juu yake," mama akajibu. "Tengeneza gari, mtumwa wangu."

Mtani akatii. Alichomelea kishikio, kisha akavua shokapu zote na kuzitupa pembeni bila kuziangalia. Akaomba futi kamba. Haikuwepo gereji nzima, ikabidi iazimwe kwa dada wa cherehani wa jirani. Tairi moja ya nyuma akaipandisha juu ya kichuguu cha mchanga, akawaita vijana wa bodaboda wapande nyuma, kona hiyohiyo. Wakaongezeka mmojammoja, wanasukumana na kucheka, mpaka raba ya kugongea ikagusa. "Tulieni hapo!" Akalala chini, akapima kutoka kishikio cha juu hadi cha chini: sentimita 36. Akahamia upande wa pili, ambako tairi ilikuwa imening'inia yote, akapima tena: 61. Akaangalia mpira wa breki kama haujakaza, kwa sababu ekseli ikishuka kuliko mpira huo, utakuwa na shokapu nzuri na breki huna. Kisha akaandika namba zote mbili kwa chaki kwenye mlango wa gari.

Zile ndefu za Ilala zikapimwa kwa futi ileile. Zikifungika zote: sentimita 43. Saba zaidi. Washauri waliokuwa wamejaa pale wakagundua kwamba wana shughuli mahali pengine.

Alibaki mmoja tu, jirani yangu, mwenye neno la mwisho. "Chukua za gesi. Zinanyanyua zenyewe." Shemeji akataka kujua gesi yake ikiisha inajazwa wapi. Jirani akasema kwa uhakika kabisa kwamba zipo za kujazia kwenye mtungi wa kilo 6. Ukweli ni kwamba gesi iliyomo ni ya naitrojeni, imefungiwa humo kiwandani, na kazi yake ni kuyabana mafuta yasifanye povu shokapu inapofanya kazi kwa muda mrefu. Kwenye njia ya makorongo inafaa sana. Kunyanyua gari si kazi yake, na chai haipiki.

Shemeji alirudi Ilala na vipimo vyake kwenye karatasi, akanunua shokapu zinazofungika hadi sentimita 35 na kufunguka hadi 61. Muuzaji alimwonyesha tena zile ndefu. Akaonyeshwa karatasi.

Basi ndugu msomaji, ukinyanyua gari lako usiulize shokapu ndefu ni ipi. Pima raba ikigusa, pima tairi ikining'inia, zote mbili gari likiwa limeshanyanyuliwa. Ikifungika, shokapu iwe fupi kidogo kuliko kipimo cha kwanza. Ikifunguka, isipungue cha pili. Kama huipati ya namna hiyo, ongeza kimo cha raba ya kugongea, au nyanyua gari kwa kiasi kidogo zaidi. Na mtu akikupa ushauri kwa kutanua mikono, mshukuru, mpe futi kamba, mwonyeshe uvungu ulipo.