Mwongozo wa Mgeni Aliyekuja Kumtuliza Bibi

Umeshuka Mwankoko, Singida, kutoka Dar, likizo ni fupi, na bibi hakutambui. Usiku anaamka, anagonga milango, anadai kuku wake wameibwa, anamwita mama yake aliyezikwa kabla ya Uhuru. Ni ugonjwa wa kusahau, ule ambao utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliukuta kwa wazee wapatao 6 katika kila 100 wa miaka 70 na kuendelea. Usipoteze muda kuuliza kama mkojo unamchoma, kama amepata choo, kama jino linamuuma. Tafuta dawa ya kutuliza.

Haloperidoli inafaa, klopromazini pia. Hii ya pili imekuwa ikiwatuliza wagonjwa wa akili tangu Paris, 1952. Itashindwaje na bibi mmoja wa Singida? Ukiambiwa kwamba mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2005, na tena 2008, kuwa wazee wenye ugonjwa huu wakipewa dawa za jamii hii vifo huongezeka, na nimonia imo miongoni mwa sababu, jibu kwamba Marekani ni mbali.

Baada ya siku chache majirani watakupongeza. Bibi katulia! Anakaa alipowekwa, uso haubadiliki, mikono imekakamaa, udenda unachuruzika. Usije ukawaza kwamba dawa iliyoikaza mikono imeukaza na ulimi, na koo nalo limepunguza mwendo.

Udenda ukikukera, omba benzheksoli. Itakausha mdomo kweli, ila tonge litagandia humohumo na akili itazidi kuvurugika. Bibi ataanza tena kuwasaka kuku, nawe utamwongezea ile dawa ya kwanza. Ukiendelea hivyo miezi kadhaa, daktari atauliza dawa ipi ilitangulia na nyumba nzima itatazamana.

Sasa chakula. Mlishe akiwa chali, tena anaposinzia, maana hapo habishi. Tonge la ugali wa uwele liwe la kiume. Likibaki shavuni, lisukume kwa maji, ambayo hayakosekani: visima vya Mwankoko ni miongoni mwa vinavyounywesha mji wa Singida.

Hapo shangazi ataingilia. “Baba, usimpe maji hivyo, atapaliwa.” Atakueleza kuwa kinywaji chepesi humponyoka kooni kabla hajajiandaa, uji mzito humsubiri; kwamba anamkalisha wima, anampa kijiko kidogo, anangoja ameze, anamsafisha mdomo, kisha hamlazi mpaka nusu saa ipite. Ataongeza kwamba siku hizi bibi akimaliza kula sauti inakuwa ya majimaji. Itikia kwa adabu. Shangazi hana cheti, ana miaka ya kumuuguza mama yake tu.

Bibi akikohoa, mpige mgongo. Asipokohoa, shangilia, ingawa wapo ambao koo limelegea hata chakula kikaingia njia ya hewa bila kikohozi chochote. Homa ikipanda na pumzi ikawa fupi, mpe dawa ya malaria bila kumpima.

Atakayekuharibia mambo ni yule atakayetaka vidonge vyote vifungwe kwenye mfuko, vipelekwe kwa daktari, aulizwe kama dozi inaweza kupunguzwa kidogokidogo hadi iachwe. Mkwepe. Ukiingiwa na hofu, vitupe vyote chooni usiku huohuo, bila kumwuliza aliyeviandika.

Basi lako linaondoka alfajiri. Muachie shangazi vidonge vya mwezi mzima, na dozi usimwandikie.