Pongezi kwa Fox

Watu wa lawama husema kituo cha Fox hakikuijua thamani ya katuni ya Futurama. Uzushi. Msimu wa nne ulikuwa na vipindi 18, nacho kikautoa kuanzia Februari 2002 hadi Agosti 2003: kwa wastani, kipindi kimoja kwa mwezi. Nyota mkia ya Halley hurudi baada ya miaka 76 hivi na dunia nzima hutoka nje kuitazama. Ingekuja kila Jumapili, nani angeinua shingo?

Na saa moja jioni ya Jumapili, muda ambao mechi za futiboli ya Kimarekani hazijui kwisha, ilichaguliwa kwa hekima. Ucheshi wa roboti mlevi hauna haki ya kuwasukuma wanaume waliovaa helmeti. Isitoshe, Fry, mpeleka piza wa katuni hiyo, aligandishwa miaka 1,000 wala hakulalamika. Mtazamaji atashindwaje na wiki chache?

Mwaka huohuo wa 2002 Futurama ilitwaa tuzo ya Emmy. Kituo chenye papara kingeagiza msimu mwingine. Fox ilijizuia. Haikuifuta kwa matangazo na makelele. Iliacha tu kununua vipindi vipya, kama muungwana aondokaye karamuni bila kuaga asije akawasumbua wenyeji.

Hulu, iliyoifufua mwaka 2023, ikaitoa kila wiki, bila mechi hata moja kuingilia kati. Ushamba ulioje!