Kilo Zangu na Lifti ya Shemeji

Nesi wa zahanati hakunong'ona. "Tisini na sita!" Benchi zima likasikia. Mama mmoja mwenye kadi ya kliniki akanitazama tumbo, kisha akamtazama mwanawe kama anayemwonyesha mfano.

Nyumbani nikampata wakili, binti yangu wa kidato cha pili. "Baba, hizo kilo si uzito, ni tungamo. Uzito ni nguvu ambayo dunia inakuvuta nayo, na unapimwa kwa newton. Zidisha kwa 9.8." Nikazidisha, ikatoka 940 na ushei. Wakili gani huyu?

Akanibembeleza: mwezini mvutano ni kama sehemu moja ya sita ya huu wetu, mizani ileile ingesoma 16. Nikamuuliza nauli. Akasema basi nishukuru kwamba niko karibu na ikweta, maana kwenye ncha ya dunia ningeongezewa kama nusu kilo. Kumbe dunia kwa kuzunguka imetuna katikati, kipenyo chake cha kiunoni kimezidi kile cha ncha hadi ncha kwa kilomita 43 hivi. Kitambi chote hicho, na hakuna nesi anayekitangaza.

Mizani ya mawe ya muuza nyanya, akaendelea, haihongeki: hata mwezini kilo ni kilo, kwa kuwa jiwe nalo limepungukiwa vilevile. Ya bafuni kwetu ina springi, inasoma unavyoikandamiza tu. Lifti ikianza kushuka, sakafu inakukimbia kidogo, nayo mizani inasoma pungufu.

Hapo ndipo aliponiponza.

Jumamosi nikabeba mizani hadi kwa shemeji, ghorofa ya tisa. Nikavua viatu, nikapanda juu yake, nikabonyeza kitufe cha chini. Mshale ukaporomoka hadi 88! Sekunde mbili hivi za ujana wangu, kisha 96 ileile. Lifti ilipofunga breki kule chini ukaruka hadi 104. Yaani nilichokopeshwa juu nililipishwa chini, palepale, bila hata siku ya kupumua.

Nikarudia safari tano. Ya sita, mlango ukafunguka ghorofa ya nne, akasimama dada na kapu la mboga. Akaona soksi zangu, akaona mizani.

"Shikamoo, baba. Unapanda au unashuka?"

"Marahaba, mwanangu," nikasema, nikainama kwanza niutazame mshale.